Siku ya Tatu Niliomba Jembe

Miaka ishirini na miwili nimefunga ndoana za wenzangu
pale gatini Malindi, alfajiri, taa ikiwa kichwani,
kidole gumba kikasuguliwa na mshipi hadi hakina alama:
siku ya kitambulisho, mashine ilinikataa mara tano.
Nilikuwa mtu wa kushika kiti.
Kitini walikaa wenye likizo.

Gualtiero alikuwa mmoja wao, Mtaliano wa kule Casuarina,
mwenye kofia ya ukili na moyo unaotumia betri.
Nduwaro kumi na saba aliwavuta
nami nikimwagia maji gurudumu la mshipi lisiungue.
Lakini jioni, akishachoka kushinda, alisema:
"Bahari ni duka. Mto ni chumba cha mtu.
Nenda siku moja Naili, ukamvue sangara,
uone samaki anayekaa kwake."

Alipokufa, wakili aliniita juu ya benki,
akanipa bahasha: tiketi ya Uganda, kambi, siku tisa,
na sharti moja, kwa ule mwandiko wake wa kuku:
*Usifanye kazi.*

Mwanaesha alicheka hadi akashika mlango.
"Mwenye bahari anakwenda kuvua mtoni!
Muuza halua kafunga safari akalambe sukari."

Maji ya kule nilinawa uso, nikalamba mdomo kwa mazoea.
Hapakuwa na kitu.
Mto ulishuka na mapovu ya maporomoko,
viboko wakatutazama kwa macho ya wenye nyumba.

Odaga alinibebea begi. Nikamnyang'anya. Akalichukua tena.
Akanifungia ndoana kwa fundo nisilolijua,
akalilowesha mate, akalikaza kwa meno;
hayo meno niliyajua.
Kwa Kiswahili chake cha kambi za jeshi aliniita "mkubwa".
Mikono yangu ikakaa mapajani
kama watoto waliopelekwa ugenini.

Siku ya kwanza, hamna.
Siku ya pili, kambare mmoja, na mvua.
Siku ya tatu niliomba jembe:
"Lete nifunge mimi."
"Umelipa, mkubwa."
Basi nikausikia mdomo wangu mwenyewe ukiuliza,
kwa sauti ile ile ya Casuarina,
"Samaki wako wapi leo?"
Odaga akatazama maji. Nilijua anahesabu.
Nami nilikuwa nikihesabu hivyo hivyo,
moja, mbili, tatu, mpaka tusi lishuke tumboni.

Alikula siku ya sita.
Hakuruka kama nduwaro, hakuonyesha upanga wala rangi.
Aliinama tu, akaondoka na mto mzima,
na mimi nikiwa upande wa pili wa mshipi
nikaona aibu, kama niliyefungua mlango bila hodi.
Dakika arobaini. Jicho la shaba. Kinywa cha mtungi.
Tukampima kwenye turubai, nusu yake majini:
kilo sabini na moja.
Picha moja. Kisha nikamshika mkia, kichwa kikielekea mkondo,
nikamngoja apate pumzi.
"Hiyo ni kazi," Odaga akasema.
Sikumwachia mpaka alipojiachia.

Siku ya kuondoka niliikunja noti mara nne,
nikampenyezea kiganjani huku natazama kando,
kama tunavyopewa sisi.
Akaipokea huku anatazama kando.
Laiti ningeinyoosha.

Mwanaesha aliikuza picha kwa vidole viwili.
"Kilo sabini na moja."
"Na moja."
"Ukamwachia."
"Nikamwachia."
"Na leo tunakula nini?"
Akanipa kikapu.

Kule soko la samaki nilisimama upande wa wanunuzi,
sikujua hata foleni inaanzia wapi.
Changu wawili, kwa mizani, kwa pesa.
Muuzaji alikuwa Tsofa, niliyemfundisha mafundo
akiwa bado anavaa kaptura ya shule.
Nikawageuza wale changu, nikatazama mashavu, nikatazama midomo
pale ndoana ilipochana.
"Nani kawavua hawa?"
Tsofa akafunga mfuko, akaninyooshea.
"Wewe kala tu, mkubwa."